Kipira Mkononi mwa Mzee

Jumatatu, 4 Machi

Hospitali tena. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mzee yuko vilevile. Kiharusi kimechukua upande wote wa kulia, kimechukua na ulimi. Kimebakiza macho, masikio na mkono wa kushoto, na mkono wenyewe unaweza kitu kimoja tu: kuminya. Daktari anasema akili ni timamu kabisa, na kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote. Alisema hayo mbele yake! Mzee akamtazama kama alivyokuwa akimtazama, dukani kwake, mteja aliyeleta saa iliyotumbukia majini. Kisha akanitazama mimi, akaminya shuka. Ana neno. Hata kipofu angeona kwamba baba ana neno.

Dada alikuwa ameshafika. Humu namwita Mkaguzi, kwa kuwa anakagua hesabu za kampuni mchana na hesabu za ndugu zake jioni. Njia yake: anamshika Mzee mkono, anataja herufi moja moja kwa sauti. Mzee akiminya, anasimama. Halafu anarudia herufi zote tangu mwanzo, kuhakikisha. Mara mbili kila herufi! Saa ya wageni ikakaribia kwisha na walikuwa wamepata neno moja: MTO. Mto wa kulalia. Akamwekea mto. Wote wawili wakaonekana wamefurahi.

Nilitaka kulia. Mimi nafundisha hisabati ya mawasiliano chuoni. Kila mwaka nasimama mbele ya wahandisi watarajiwa nikiwaambia: kinachosemwa mara nyingi kipewe alama fupi, kinachosemwa kwa nadra kipewe ndefu, na kisirudiwe kilichokwisha kujulikana. Kurudia ni kujaza njia takataka. Na baba yangu mzazi anasomeshwa irabu kama mtoto wa chekechea!

Mpango: msimbo. Mminyo mfupi na mminyo mrefu, na kila mchanganyiko ni sentensi nzima. Kipira cha mashine ya kupimia presha, waya, na simu ya kusema kwa sauti. Najua la kufanya.

Na kuna jambo la pili, naliandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Alhamisi ya wiki ijayo kuna semina ya idara. Nafasi ya ajira ya kudumu ni moja, tunaoitolea macho ni wawili: mimi na Takwimu wa chumba cha jirani, anayeitwa hivyo kwa sababu hufundisha takwimu na hana lingine la kumweleza. Yeye atazungumzia foleni za benki. Mimi nitasimama na kifaa kilichomrudishia baba yangu sauti. Tuone!

Lakini ni kwa ajili ya Mzee. Kwanza Mzee.

Jumanne, 5 Machi

Nimechukua simu ya Mzee kabatini mwake. Mkaguzi akauliza naipeleka wapi. Nikasema kuichaji.

Nimesoma kila ujumbe aliowahi kutuma. Kazi ya siku nzima, na nilifuta vipindi viwili vya wanafunzi. Huwezi kumtungia mtu msimbo bila kujua anasema nini mara ngapi. Mzee, kitakwimu, hana makuu. "Umefika?" inaongoza, nyingine zinaifuata kwa mbali. Halafu "Saa yako tayari, njoo uchukue." Halafu "Maji yamekatika." Halafu "Funga dirisha, mvua inakuja." Na nyingi, nyingi sana, zinaanza hivi: "Mwambie mama yako." Mwambie mama yako nachelewa. Mwambie mama yako aweke maji ya kuoga. Mama hakupenda simu. Alifariki mwaka juzi. Baada ya msiba kuna miezi haina ujumbe hata mmoja. Data iliyokosekana. Nimeiondoa.

Msingi wa kazi yote ni huu: mtu ni mchakato nasibu, yaani mfululizo wa matukio ya bahati, na mchakato uliotulia, ukiupima jana, umekwishaupima wa kesho. Nani katulia kumshinda Mzee? Kiti kimoja, meza moja, duka moja la saa, umri wake wote.

Alama. Mrefu mmoja: "Maji." Mgonjwa atataka nini zaidi? Mfupi, mrefu, mfupi: "Funga dirisha." Na kuendelea.

Sasa nikiri ujanja mdogo. Nilitafuta neno moja katika simu ile. Radhi. Nimeridhika. Najivunia. Lolote la ukoo huo. Hakuna. Hata mara moja! Siku niliyopata shahada ya uzamivu aliniandikia: "Umefika?" Kwa sheria ninazozifundisha mwenyewe, sentensi isiyowahi kutokea haipewi alama hata kidogo. Nimeipa. "Nimeridhika na wewe, mwanangu." Miminyo miwili mifupi. Ni alama ya kifahari, kuna sentensi zimefanya kazi miaka na hazikuipata. Basi. Nani atanishitaki?

Jumatano, 6 Machi

Jaribio la kwanza. Kipira kilimkaa kiganjani vizuri. Nikamweleza msimbo mzima, mara moja tu, kwa kuwa akili ni timamu. Mzee alifumba macho akisikiliza, kama alivyokuwa akiweka saa ya mtu sikioni. Nikafurahi.

Akaminya. "Maji," ikasema simu, kwa sauti ya yule mwanamke anayetangaza safari vituoni. Wodi nzima ikageuka. Nikampa maji kwa kijiko. Akaminya. "Maji." Nikampa. Akakunja uso, akaminya tena. "Maji. Maji." Nikampa, nikampa.

Sikuwa nimehesabu jambo moja. Mkono wa mgonjwa ni mzito. Kila mminyo wake ni mrefu. Na mrefu ni maji. Chochote Mzee alichotaka kusema kilifia mlangoni kikawa maji, na mimi nikawa namnywesha kila neno lake. Mwisho akafunga mdomo. Kiasi kikubwa kilikuwa kifuani pake na kwenye godoro.

Sista wa zamu akaja na shuka kavu. Akauliza daktari gani aliyeagiza mgonjwa apewe maji kiasi hicho. Nikasema mimi. Akauliza mimi ni daktari wa nini. Nikasema wa michakato nasibu. Akanipa kona mbili za shuka nishike.

Ijumaa, 8 Machi

Siku kubwa! Halafu siku ndogo.

Niliingia saa sita, saa ya wageni. Jana nilikuwa nimeomba kipira kibaki mkononi mwa Mzee mchana na usiku, ili kukusanya data. Mzee alikuwa amefumba macho. Kabla sijavuta kiti, ile sauti ya kituoni ikasema: "Nimeridhika na wewe, mwanangu."

Nililia. Naandika bila aibu. Nilikaa juu ya ndoo ya taka nikalia kwa kwikwi. Miaka yote ananiuliza, hiyo habari unayoipima chuoni unaipima kwa kilo au kwa mita? Miaka yote anawaambia wateja wake kwamba mwanawe ni daktari, lakini usimpelekee ugonjwa. Na leo hii.

"Nimeridhika na wewe, mwanangu," ikasema simu tena. Na tena. Nikapangusa uso nikatazama. Mzee alikuwa amelala. Anakoroma.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani ni dereva wa malori, mguu wake umefungwa plasta hadi pajani, umening'inizwa juu. Akaniambia kitu hicho hakijanyamaza tangu alfajiri. Kimemridhia mfagiaji. Kimemridhia mgawa chakula. "Mimi kimenipa radhi mpaka nimechoka," akasema. "Na baba yangu mzazi alikufa hajanipa hata moja."

Sista akanieleza kwamba mkono ule hutetemeka akilala. Akanionyesha. Miwili midogo, kituo, miwili midogo, kituo. Najua. Katika kazi yetu tunaita kelele: kinachofika bila kutumwa na mtu. Nafundisha mada hiyo muhula mzima.

Kwenye matokeo nimeandika: imepokelewa.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni Mkaguzi alinipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kugombana. Juzi na jana, kwa njia yake ya kobe, alikuwa amepata kwa Mzee herufi hizi, kila moja imehakikiwa: M, W, A, M, B, I, E. Mwambie! Halafu kengele ya wageni ikalia wakamtoa. Hatujui mwambie nani. Hatujui amwambie nini. Aliniomba leo nisiende na kifaa, nimwachie saa zote mbili, ya mchana na ya jioni, amalize.

Nikamwambia hakuna haja. Neno likishajulikana linavyoanza, mwendelezo wake ni hesabu tu. Nina ujumbe wa miaka sita! Nilikesha nikiongeza sehemu ya kubashiri, inayolitazama neno la kwanza na kutoa sentensi inayoelekea zaidi.

Mchana nikafika. Nikamwambia Mzee: baba, usijichoshe, tumekwishapata "mwambie", kifaa kitamalizia, wewe kubali kwa kuminya. Akanikodolea macho. Nadhani alitumaini. Nikabonyeza.

"Mwambie mama yako aweke maji ya kuoga," ikasema simu.

Mzee hakusogea. Jicho la kushoto likajaa, likamwagika, likajaa tena. La kulia halifungi wala halilii. Na kwa kulia kule mkono ukaanza kutetemeka juu ya kipira, miwili midogo, miwili midogo.

"Nimeridhika na wewe, mwanangu," ikasema simu. "Nimeridhika na wewe, mwanangu."

"Zima hicho kitu, kijana," akasema Dereva, taratibu.

Nilizima. Nikampangusa Mzee uso kwa kona ya shuka. Nikamwambia pole, baba. Alikuwa akitazama dirishani.

Kosa la mfumo wa kubashiri. Ujumbe wa zamani una uzito mkubwa mno. Nirekebishe.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee hataki kuminya. Si kwangu tu, hata kwa Mkaguzi jana jioni hakuminya. Macho dirishani.

Mkaguzi alinisubiri ukumbini. Dereva alikuwa amemweleza yote. Nilijiandaa kwa kelele, lakini alisema polepole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wakati anaandika hizo meseji mama alikuwa hai. Na yeye hakuwa anakufa. Wewe umempima mtu mwingine." Nikasema hiyo ni dhana ya msingi ya kielelezo na kila kielelezo kina dhana zake. Akasema anaomba nimshike tu baba mkono nikae. Nikasema kukaa hakupeleki habari yoyote.

Tumegawana: saa ya mchana yangu, ya jioni yake. Na mimi nikaweka sharti. Asiniambie atakachopata, wala mimi nisimwambie. Vipimo viwili huru! Vikifika mahali pamoja bila kuambizana, ni uthibitisho ambao hata Takwimu hawezi kuutia kidole. Vikiambizana havina thamani. Mkaguzi akanitazama kama risiti iliyochanwa.

"Mdogo wangu," akasema, "huyu ni baba. Si shahidi wa mahakamani."

Nimeifungia namba yake kwenye simu yangu mpaka semina ipite. Namfahamu, hawezi kukaa na neno.

Nimeandika kwamba ni kwa ajili ya vipimo huru. Ni kweli. Kuna na hili: naogopa. "Mwambie" inaweza kufuatwa na lolote. Mwambie amenichosha. Mwambie sikuwahi kuelewa kazi yake na sasa nimeielewa, ni upuuzi. Sentensi isiyotarajiwa ndiyo inayobeba habari nyingi. Ndivyo ninavyofundisha, ubaoni, kwa chaki ya rangi. Sikuwahi kufikiri kwamba itanijia mimi.

Jumanne, 12 Machi

Mkaguzi amemaliza. Jana jioni Mzee alikubali tena, akamwambia herufi zote zilizobaki. Najua kwa sababu nilipoingia tu Sista alinipokea akitabasamu: kaka, dada yako kafaulu, kuna neno lako. Nikainua kiganja kama askari wa barabarani. Nikamwomba asiseme. Akadhani namtania.

Dereva naye alikuwepo, amelisikia herufi kwa herufi. Akaanza, "Kijana, baba yako anasema..." Nikachomeka visikilizio masikioni nikafungulia mhadhara wangu mwenyewe wa mwaka jana. Niliona mdomo wake ukiendelea. Niliona anawaeleza wagonjwa wengine, nao wananitazama. Wodi nzima inajua neno la baba yangu isipokuwa mimi! Nilipovitoa kwa bahati mbaya kumsikia Sista, Dereva alikuwa akisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwonyesha kwa kidole guu lililovunjika ni la nani. Wagonjwa wakacheka. Nilishinda hapo.

Mzee hakucheka. Alitazama visikilizio, akatazama kipira, akanitazama mimi. Nimeongeza marekebisho: mkono mzito sasa unasomwa kwa subira, mpaka sekunde tatu ni mfupi, mpaka sita ni mrefu. Zaidi ya sekunde sita ni hitilafu. Hakuminya hata mara moja. Data tupu.

Jumatano, 13 Machi

Ujasusi! Takwimu amekwenda hospitali jana jioni. Ati kumjulia hali Mzee. Dereva kanieleza kwa furaha mbaya. Takwimu alikaa upande wa kushoto wa kitanda, akaushika mkono wa Mzee, akaushikilia muda mrefu, hana kifaa, hasemi kitu. Mzee akalala. Halafu Takwimu na Mkaguzi wakapeana namba za simu.

Anatafuta nini? Kama ni kuiba wazo, aliyeona kipira ameona nusu ya kazi. Nimebadilisha neno la siri la kompyuta yangu. Mzee leo anapumua kwa sauti. Sista anasema presha imepanda na kwamba ndugu wakae karibu. Nikasema kesho saa sita nitakuwepo, na saa tisa nina semina. Akaniuliza semina haiwezi kungoja? Nikamwambia semina ina ratiba.

Alhamisi, 14 Machi, saa nane mchana, ofisini

Naandika haraka, suti imekwishapigwa pasi.

Nimefanikiwa! Leo Mzee ameminya. Saa sita na kitu, nilikuwa naweka kipira vizuri kiganjani mwake, mkono wangu ukiwa juu ya kipira. Ghafla akaminya, kipira na mkono wangu vyote pamoja. Kwa nguvu! Sikujua bado ana nguvu ile. Vidole vilivyokuwa vikishika bisibisi ndogo kama sindano. Nikamtazama, naye ananitazama, macho makavu, yametulia kabisa. Nikangoja aachie ili kifaa kisome. Hakuachia. Sekunde tatu. Sekunde sita.

"Hitilafu," ikasema simu. "Mminyo haujaachiwa. Anzisha upya."

Nikamwambia, baba, achia, hakisomi ukishikilia hivyo. Akazidi kukaza. Nikajaribu kumweleza tena: mfupi au mrefu, hakuna cha tatu. "Hitilafu," ikasema simu. Dereva aliinuka kwa viwiko akasema kitu, lakini nilikuwa nimechomeka visikilizio kwa usalama, nisikie kifaa peke yake. Basi nikamfungua vidole, kimoja kimoja, taratibu, nisimuumize. Cha mwisho kilikuwa kidole gumba. Nikaanzisha kifaa upya.

Baada ya hapo alifumba macho. Nikapata mrefu mmoja tu, dhaifu. "Maji." Nikampa kijiko. Yakatoka pembeni ya mdomo. Saa saba nikaondoka.

Nguvu ya ishara ilikuwa bora kuliko siku zote. Nitaionyesha kwenye mchoro wa mwisho.

Jumamosi, 16 Machi

Tumemzika Mzee jana.

Nieleze kwa mpangilio. Saa tisa nilianza semina. Ukumbi ulijaa. Mkuu wa Idara mstari wa mbele. Nikaeleza habari ni nini: ni kiasi cha mshangao. Nikaeleza msimbo. Wakacheka pale pa maji, nami nikawaacha wacheke. Katikati, Takwimu akanyoosha mkono. Alikuwa ameshika simu. Nikasema maswali mwishoni.

Akakaa. Nikaendelea na mchakato uliotulia. Takwimu akanyoosha tena, safari hii amesimama. Nilijua anachotaka: atauliza kuhusu kutulia kwa mchakato, ndilo shimo la pekee, na anataka Mkuu alione. Nikatabasamu nikasema ndugu mwenzetu ana hamu, lakini maswali ni mwishoni. Watu wakacheka. Akabaki amesimama. Hakucheka. Nikamgeuzia mgongo nikachora ubaoni.

Mara ya tatu hakunyoosha mkono. Alipita katikati ya viti akaja mpaka mbele, akanishika kiwiko, akaninong'oneza: "Dada yako amekuwa akikutafuta. Mzee amefariki."

Ubaoni kulikuwa na mchoro wa mminyo wa mwisho. Mstari unapanda, halafu unanyooka, unanyooka, unakwenda mpaka ukingoni mwa ubao. Chini nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: hitilafu.

Takwimu ndiye aliyenipeleka hospitali kwa gari lake. Njiani hakuuliza swali lolote. Mkaguzi alikuwa amekaa upande wa kushoto wa kitanda, bado ameushika ule mkono. Kipira kilikuwa juu ya kabati, waya wake umezungushwa vizuri. Nilisimama. Nikamwuliza dada, Mzee alisema nini kabla ya kukata roho. Akasema hakusema kitu. Akasema neno lake alikwisha kulisema Jumatatu.

Sikuwa na visikilizio.

"Alisema: mwambie aache hilo dude, anishike mkono. Basi. Hakuongeza."

Dereva aligeuza uso ukutani. Nilikaa kwenye ndoo. Nilifikiria vidole vile, kimoja kimoja, na kidole gumba mwishoni. Nilikuwa nimeshikwa na baba yangu, na nikamwambia achia, hakisomi. Niliandika wazi kwamba nililia kwa ile radhi ya usingizini. Kwa hii sikuweza kulia. Mpaka sasa sijaweza. Kiganja kinaniuma kama kimeungua, wala hakina alama.

Jumatano, 20 Machi

Nyumbani kwa Mzee. Tumefungua duka kuzipanga saa za wateja. Nyingine zimesimama, nyingine bado zinatembea. Mkaguzi anaandika majina, mimi nafungasha.

Nimefikiri sana siku hizi. Nimetafakari kwa uchungu, na nimeliona kosa langu. Nililiona jana nikinyoa ndevu, nikabaki na povu usoni. Kosa ni sekunde sita! Mminyo usioachiwa si hitilafu. Ni ujumbe, na ni ujumbe wenye habari nyingi kuliko yote, kwa kuwa haukutarajiwa. Nilikuwa nimeutupa.

Basi nimeshaondoa ile hitilafu. Sasa mgonjwa akiminya asiachie, kifaa kinasema kwa sauti: "Nishike mkono." Na kengele inalia chumba cha wauguzi, ili Sista aje amshike. Ndugu hana haja hata ya kuwepo! Nimeipa alama yake kamili kwenye msimbo, na ile ya radhi nimeiacha palepale, haidhuru mtu. Mkuu wa Idara, baada ya kunipa pole, amekubali nirudie semina Alhamisi ijayo. Takwimu amesema atanipisha katika hiyo nafasi ya kudumu, ati nina msiba. Huruma hiyo ina mtego. Nitauona.

Shangazi, dada yake Mzee, amelazwa tangu juzi. Hasemi vizuri. Nimemwomba mwanawe simu yake. Nimesema ni kuichaji.

Nilimweleza Mkaguzi haya yote hapahapa dukani, tukiwa tumekaa kwenye benchi la wateja. Nilitegemea atabisha. Hakubisha. Aliweka kalamu chini, akaniangalia, macho yamejaa, halafu akanyoosha mkono akaushika wa kwangu. Akaukaza. Nikangoja aseme. Hakusema. Nikangoja aachie. Hakuachia. Saa zikawa zinalia mezani, kila moja na mwendo wake.

Nikamwuliza anataka maji.